Mfuaji Aliyevaa Koti la Manyoya

Filamu yenyewe haikuwa na sauti. Mwenye banda letu la video hapa Chole alidhani spika zimekufa, akashinda asubuhi nzima ya Jumapili na bisibisi mkononi. Kumbe ni filamu ya kale ya Hollywood, ya kuchekesha, ya wakati walipokuwa bado hawajajua kuweka sauti. Watu wanachezesha midomo, kisha yanatokea maandishi ya Kiingereza.

Kutafsiri kwa kipaza sauti ndiyo kazi yangu pale bandani. Niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu nilikiokota kwenye televisheni ya watu nikifanya kazi za ndani Kibaha, kwa hiyo huenda nusu ya ninayosema siyo yenyewe.

Kabla hatujaanza, mwenye banda aliniambia, "Dada, leo usituletee mambo yako. Mwishoni yule binti aombe radhi kama ilivyoandikwa, umlize kabisa. Ukibadilisha tena, kipaza nampa mtu mwingine."

Alikuwa na haki. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemfufua mtu aliyekufa kwenye filamu.

Binti mwenyewe ni mfuaji wa hotelini. Anajaribu koti la manyoya la mgeni tajiri, mlango unafunguliwa, na mabwana wenye kofia ndefu wanamdhania ni mtoto wa mfalme. Wanamwinamia, wanamkalisha mezani. Banda zima likacheka.

"Ana nini huyo mpaka ainamiwe?" akauliza bibi mmoja wa mbele.

"Ana koti, bibi."

Halafu mwenye koti akaingia. Binti akainamisha kichwa, maandishi yakatokea, na nilijua maneno ya kutosha kuona kwamba anaomba radhi.

Hapo nikakumbuka Kibaha. Siku moja nguo zangu zilikuwa zimelowa zote, mama mwenye nyumba akaniazima gauni lake. Wageni wake wa kiofisi, wasiomjua kwa sura, wakafika yeye akiwa bafuni. Wote wanne wakanipa shikamoo wakidhani mimi ndiye mwenye nyumba, nami nikaitika marahaba. Alipotoka alinizungusha kwa mgeni mmoja mmoja niwarudishie shikamoo zao, hata kijana niliyemzidi umri. Simsemi vibaya, kwake nilikula vizuri, na ni kweli ningeweza kusema mimi ni mfanyakazi tu. Ila shikamoo unaiitikiaje, kama si marahaba?

Nikasogeza kipaza mdomoni. "Ndiyo, nimelivaa koti lako," binti akasema kwa sauti yangu. "Na limenikaa. Hawa walioinama wameinama wenyewe, sikumkamata mtu shingo."

"Mwambie, mwanangu," sauti ikatoka nyuma.

"Mbona analia sasa?" bibi akauliza.

"Hasira, bibi."

Sina hakika kama nilitenda haki kwa walioitengeneza. Pengine walitaka tumwonee huruma, na huruma si kitu kibaya.

Mwenye banda akaja hadi kwenye kiti changu. "Haijaandikwa hivyo, dada."

"Najua," nikasema, na kipaza kikalibeba hilo nalo.

"Nipe kipaza."

"Nitakupa filamu ikiisha."

Akabaki amesimama pale, mkono ameunyoosha. Zilikuwa zimebaki kama dakika sita, na binti bado anachezesha midomo. Nikaendelea kumsemea.