Miaka Mitano Niliyoifuta

Kazi yangu ni kuandikia watu CV. Niko na chumba cha mbao pale Mudzipela, mtaa wa Bunia, sekretaria kama zile zingine zote: ordinatere moja, mashini ya fotokopi, kiti cha plastiki cha mteja, na koti jeusi kwenye msumari kwa wale wanaokuja kupiga picha ya paspoti wamevaa ovyo. Mteja akikaa, simuulizi anatafuta kazi gani. Namuuliza majina yote matatu: jina, post-nom, prenom. Baba yuko hai au alikufa? Mama je? Umetoka territoire gani, umeoa, watoto wangapi? Hapo nusu ya ukurasa imeshajaa na mtu anaanza kujiona ni mtu. Kisha masomo, kisha kazi kama iko, kisha mambo anayopenda: kusoma, korali, mpira. Chini kabisa anaapa kwa heshima yake kwamba yote ni kweli, anatia sahihi, anaenda. Modeli ni moja, nabadilisha majina tu. Walimu, madereva, wauguzi wa Nyankunde, walinzi wa mageti, wote wametoka kwangu wakifanana, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Wa kwanza kuniambia kwamba modeli yangu ni mbaya alikuwa mdogo wangu mwenyewe, wa kike.

Alifika asubuhi moja, mavumbi ya barabara ya Kilo, kule kwenye dhahabu, bado kwenye viatu, akaweka mbele yangu karatasi mbili. Moja ilikuwa ya daftari, imejaa maandishi yake madogo madogo. Nyingine ilikuwa ya kufundisha namna ya kuandika CV, imetolewa kwenye internet, alipewa na profesa aliyemfundisha uchumi hapa hapa Bunia. Profesa alikuwa amesikia kwamba banki moja ya uwekezaji ku Kinshasa inatafuta kijana wa kuchunguza mafaili ya migodi. Si banki ile ya kupanga mustari mbele ya gishe kuweka pesa, mdogo wangu alinieleza. Hii inashika mali ya wakubwa, na inataka watu wa kuiambia: hapa tia, hapa kimbia.

"Yaya, soma kwanza ile ya profesa," akasema; yaya ndiyo mimi, dada yake mkubwa. "Wale watu wanasoma CV kwa muda wa kumeza mate."

Nikasoma. Ukurasa mmoja, basi. Hakuna picha. Hakuna baba wala mama. Hakuna kusema mimi ni mwenye bidii, mimi ninapenda kazi ya pamoja. Anza na ulichofanya. Kila mustari uanze na tendo, kisha useme kilichotokea kwa sababu ya tendo hilo. Kama ulishauri, ulimshauri nani, na alipokufuata alipata nini? Kila mustari wa karatasi ile ulikuwa unanitukana mimi na mashini yangu.

"Na baba yetu?" nikamuuliza. "Baba aliyekufa akiwa katekista, mtu wa kuheshimiwa Mahagi nzima, tumutupe?"

"Hapana kumutupa, yaya. Banki haina lazima naye."

"Aah, bon. Sasa banki ndiyo imekuzaa."

Akacheka, akanisukumia karatasi ya daftari. Hapo lazima nieleze kazi aliyokuwa akifanya, maana ndiyo kiini cha mambo yote. Kwa miaka mitano, tangu atoke chuo, alikuwa akimfanyia kazi mnunuzi mmoja wa dhahabu. Yule muzee alikuwa anawapa wachimbaji wa Kilo chakula, mafuta na motopompi, halafu dhahabu ikitoka wanamletea yeye. Shida yake ilikuwa kujua shimo gani litazaa na shimo gani litamla bure. Mdogo wangu ndiye alikuwa anamuambia. Na hakuwahi kuteremka shimoni hata siku moja, kwa sababu kule mwanamke hakaribii mdomo wa shimo; wanasema dhahabu itakimbia. Wangemfukuza kwa mawe.

Basi alikaa kwenye malewa, pale chini ya bashe, turubai la plastiki, ambapo wamama wanapikia wachimbaji. Alikula polepole na kuangalia sahani za wengine. Watu wa shimo fulani wakiitisha nyama siku tatu mfululizo, anaandika. Wakirudi kwenye maharagi, anaandika. Wakianza kuketi mbali mbali, kila mmoja na sahani yake, wakati juzi walikuwa wanakula kwenye beseni moja, anajua humo ndani wanashukiana, mwamba umekuwa mgumu, na karibu watatawanyika. Anaangalia rangi ya udongo kwenye magoti yao. Anaangalia nani amekuja akitetemeka kwa baridi: shimo lake limeingia maji. Kisha anamuambia muzee, toa pompi yako hapa, peleka pale. Kwenye karatasi aliandika kwamba amepima mashimo kumi na moja kwa namna hiyo, na manane yakawa kama alivyosema.

Nilisoma yote mpaka mwisho, na nilielewa vizuri sana. Nataka hilo lijulikane. Sikuwa mjinga pale kwenye kiti changu. Niliona kabisa kwamba huyu mutoto anafanya kwa macho na daftari kazi ile ile ambayo banki inatafutia watu wenye tai. Niliona pia kwamba watamchukua.

Nikamcheka.

"Utaandika kwamba kazi yako ni kuchungulia sahani za watu? Weye? Watakucheka mpaka waanguke kwenye viti!"

"Lakini ndiyo kazi yangu, yaya."

"Kazi gani? Mwanamke mwenye diploma anakaa miaka mitano kwenye malewa katikati ya wachimbaji. Unajua mwanamke wa namna hiyo anaitwaje? Hawatakuuliza ulipima mashimo mangapi. Watajiuliza ulipimwa na wangapi."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu. Aliinamisha kichwa, akaanza kukunja ncha ya karatasi yake, akaikunjua, akaikunja tena. Nilijua nimempiga pale panapouma, na nikasikia utamu. Sitadanganya, ilikuwa tamu.

Mtatafuta sababu, basi sababu ni hii. Nilikuwa darasa la tano la sekondari mama alipoanguka, upande mmoja wa mwili ukafa. Mtu mmoja alipaswa kumlinda hospitalini Nyankunde, na mkubwa ni mimi. Nililala chini ya kitanda chake miezi mingapi sijui, nikipika nje pamoja na walinzi wa wagonjwa wengine, na mwaka ule mdogo wangu aliingia sekondari na uniforme mpya. Sikurudi shuleni. Sasa mama yuko nyumbani kwangu, nyuma ya sekretaria, ukuta mmoja tu katikati. Kumuosha kunataka watu wawili: mmoja anamuinua, mwingine anapangusa. Mdogo wangu akishuka kutoka Kilo, tunakuwa wawili. Asipokuwepo, naita jirani, na jirani anachoka. Kwenye karatasi zake zote mbili nilitafuta mahali ambapo ameandika nani atamuinua mama akishaenda ku Kinshasa. Hapakuwa. Hata kuniuliza hakuniuliza. Nilimuonea wivu, na nilimkasirikia, na nilikuwa na haki ya kukasirika. Nilichofanya na hasira hiyo ndicho sikuwa na haki nacho.

Nilifungua modeli yangu. Nikaandika baba, amefariki. Mama, yuko hai. Nikamvalisha koti jeusi la msumarini, nikampiga picha. Masomo niliyaacha kama yalivyo, maana diploma haifichiki. Kwenye kazi nikaandika mustari mmoja: tangu kumaliza chuo, kusaidia familia. Mnunuzi wa dhahabu nikamfuta, Kilo nikaifuta, mashimo kumi na moja nikayafuta. Kwenye mambo anayopenda nikaweka korali, na huyo mutoto akiimba hata mbuzi wanaondoka.

"Iko safi hivi," nikamuambia. "Mtu akiisoma ataona binti wa heshima."

"Haionyeshe kitu, yaya."

"Inaonyesha heshima. Nani anaandika CV hapa, miye au weye?"

Kwa sababu simu yake haishiki rezo kule Kilo, nikaweka namba yangu. Akaapa kwa heshima yake, akatia sahihi chini ya uongo wangu, akainuka kwenda kumuosha mama pamoja nami. Karatasi tuliituma siku hiyo hiyo, pamoja na barua ya profesa.

Walipiga. Ilipita kama wiki tatu, mchana, mdogo wangu ameshuka kutoka Kilo na yuko uani anaanika mashuka ya mama. Nilikuwa namuona kupitia mlango wa nyuma. Sauti ya mwanamke, Kifaransa cha taratibu, akajitaja ni wa banki.

Akaniambia hivi, ninavyokumbuka. Profesa amewaandikia kwamba huyu binti anaijua dhahabu ya mashimo kuliko wanafunzi wake wote, lakini kwenye CV hawaoni kitu, wanaona miaka mitano mitupu. Waombaji walio nao mezani wote wamesomea migodi vitabuni, na wao wanataka mtu mmoja aliyeona kwa macho yake. Nafasi bado ipo. Je, hii miaka mitano, kweli hakufanya kazi yoyote?

Ningetoa kichwa tu mlangoni. Hatua kumi. Ningesema, njoo, wanakutafuta. Mdogo wangu alikuwa ameshika shuka kwa meno, anabana upande mwingine kwa mkono, na maji yanamchuruzika kwenye kiwiko.

"Hapana, madame," nikasema. "Alikaa nyumbani."

"Na wewe ni nani kwake?"

"Dada yake mkubwa."

"Basi wewe ndiye unayemjua," akasema. "Aksanti, dada. Ukikumbuka kitu chochote, nipigie kwa namba hii hii."

Mdogo wangu aliuliza kutoka uani nani alikuwa anaongea. Nikamjibu ni mteja wa Nyankunde, anauliza bei ya fotokopi.

Mwezi wa kwanza alikuwa ananiuliza kila akishuka. "Yaya, hawajapiga?" Hawajapiga. Mwezi wa pili aliuliza mara moja tu, huku anaangalia pembeni. Baadaye hakuuliza tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilikasirika kwamba ameacha kuuliza. Nilikuwa nimeshazoea kumjibu.

Kisha akashuka kutoka Kilo na sanduku lake lote. Alikuwa amemuaga muzee wa dhahabu. Muzee mwenyewe alipanda pikipiki mpaka Mudzipela kuja kumrudisha, akasimama kwenye mlango wangu na kofia mkononi, akasema bila huyu mutoto yeye ni kipofu kule juu. Mdogo wangu alimuambia hapana, baba, tafuta mwanaume ateremke shimoni aone vizuri. Aliisema kwa upole, na hakunitazama.

Kesho yake asubuhi tulikuwa uani wawili, tunawasha makaa ili kupasha maji ya kumuosha mama. Makaa yalikuwa na unyevu, yanakataa. Akaingia ndani akatoka na daftari tatu nene, zimeungua jua, zimejaa maandishi yake madogo. Akakaa kwenye kigoda na kuanza kuchana.

"Nini hiyo?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mashimo," akasema. Akachochea ukurasa chini ya makaa, akapuliza. "Yaya, nilitaka kukuambia kitu. Siku ile nilikukasirikia sana. Nililia njia nzima mpaka Kilo. Lakini ulisema kweli. Kama hata CV safi vile hawakuijibu, ile yangu wangeibandika ukutani wacheke. Nilikuwa najidanganya. Kuangalia watu wakikula, hata hiyo mutu anaita kazi?"

Namba ya yule madame wa banki ilikuwa mu telefone yangu, mfukoni, chini ya kitenge.

"Uliniokoa na aibu," akasema. "Aksanti, yaya. Weye peke yako uliniambia."

Ukurasa ulishika, niliona neno "nyama" likikunjamana, kisha "maji", kisha tarehe. Alikuwa na miaka ishirini na minane na alikuwa ameshatulia, kama mtu ambaye wamemaliza kumuambia yeye ni nani. Kusema kulikuwa bado kunawezekana. Mama aliita kutoka ndani, kwa ile sauti yake ya upande mmoja, maji yako wapi.

"Moto unazima," nikamuambia mdogo wangu. "Chana ingine."

Akachana ingine.