Fundi wa pampu aliyefunga kisima cha nyumbani kwake

Jua bado halijapanda vizuri juu ya soko la Got Rateng, na tayari Leonida Wangwe amepiga goti moja chini, ameshika spana kubwa kwa mikono miwili, anafungua nati ya mwisho ya pampu ya mkono. Nyuma yake wanawake watano wamekamata kamba. Anapotikisa kichwa, wanavuta, na bomba la kwanza linachomoza kisimani polepole, likichuruzika maji.

Leonida hana haraka nalo. Analipangusa kwa kitambaa, anapitisha kidole kwenye meno yake, pale linapofungana na bomba jingine, kisha anayatazama yale maji yaliyobaki ndani.

"Hili bado liko na nguvu," anawaambia wenzake. "Kutu imeshika ngozi tu, haijafika mfupani. Leo tunabadilisha mipira ya ndani, basi."

Wauza samaki walioanza kupanga meza zao wanapumua. Kama angesema kinyume, soko hili lingerudi kuchota maji mtoni. Na watu wa huku wanajua kwamba Leonida akiamua kusema kinyume, hasemi kwa utani.

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, ni mke, mama wa watoto wanne na mkulima wa mahindi na mihogo. Lakini kutoka vijiji vilivyo kandokando ya mji wa Migori mpaka upande wa Wilaya ya Homa Bay, anajulikana kwa kazi moja. Pampu ikikohoa, aitwe Min Austine, yaani mama yake Austine, kifungua mimba wake.

Spana aliishika tangu utotoni. Alizaliwa Suna, ambako baba yake alikuwa akitengeneza baiskeli kando ya barabara. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kumsaidia, kwa hiyo Leonida ndiye aliyekuwa akishikilia gurudumu. Alipoolewa na Simeon Wangwe katika kijiji cha Kanyuor, alidhani mambo ya grisi ameyaacha kwao.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, mradi wa maji ulichimba visima katika vijiji kadhaa na kutafuta wanawake wa kufundishwa kutunza pampu. Kanyuor walimtoa yeye. Mafunzo yalikuwa Homa Bay, na anakumbuka kwamba siku ya kwanza alikuwa wa kwanza kuifungua pampu na wa mwisho kuirudisha, maana sehemu zilimchanganya.

"Kufungua si kazi," anasema akicheka. "Hata mwizi anajua kufungua."

Mradi ulipomalizika, wafadhili waliondoka, pampu zikabaki. Leonida naye akabaki. Kwa miaka kumi sasa amekuwa akizunguka kwa baiskeli, akilipwa na kamati za vijiji kile walicho nacho. Wakati mwingine ni shilingi, wakati mwingine kuku, wakati mwingine shukrani tu.

Abdishakur, mfanyabiashara mwenye duka la vipuri katikati ya mji wa Migori, anasema mteja huyu alimchosha sana mwanzoni. Wengine huingia, hutaja kitu, hulipa na kuondoka. Leonida alikuwa akirudisha beringi aliyonunua juzi ili amwonyeshe jinsi ilivyolika.

"Nilifikiri anataka kubadilishiwa," anasema Abdishakur. "Kumbe anataka nijue, ili nisilete tena za aina hiyo. Sasa kabla ya kuagiza vipuri vya pampu, kwanza namuuliza yeye."

Lakini jambo lililomfanya Leonida asimuliwe hata na watu wasiomjua halikutokea dukani. Lilitokea mwaka jana, baada ya zile mvua kubwa za mwisho wa 1997, na lilimgusa nyumbani kwake mwenyewe.

Mvua zilipokatika, pampu tatu katika eneo lake zilikuwa mahututi. Moja ni hii ya soko la Got Rateng. Ya pili ilikuwa Nyamilu, kati ya shule ya msingi na zahanati. Ya tatu ilikuwa Kanyuor, hatua chache kutoka boma la mama mkwe wake, Mama Yunia. Na vifaa vilivyopatikana kutoka Homa Bay vilikuwa seti moja tu ya mabomba mapya, pamoja na mipira ya akiba.

Mhandisi wa maji, Bwana Mayaka, angeweza kuamua akiwa ofisini. Badala yake alimwomba Leonida azikague pampu zote tatu, kisha wakutane.

Got Rateng haikumsumbua. Mabomba yalikuwa mazima, ni mipira iliyokuwa imechoka. Hiyo ilikuwa ya kutengeneza tu.

Nyamilu ilikuwa mbaya kwa macho. Maji yalitoka mekundu, mabomba yalikuwa yameliwa na kutu mpaka meno yakawa yanakatika mkononi, na mkono wa pampu ulikuwa ukicheza kama jino bovu. Wanakijiji walitaka ifungwe kwa mpira wa baiskeli kama ilivyofanywa mara mbili kabla. Leonida alikataa. Bomba likikatika na kutumbukia, aliwaeleza, litaziba kisima kizima, na hapo hata pampu mpya haitasaidia. Kisima chenyewe kilikuwa kizuri, chenye maji mengi. Kilichohitajika ni kuvua kila kitu kilichokufa na kuvisha upya.

Kisha akaenda Kanyuor.

Pale pampu ilikuwa ikionekana safi kuliko zote. Mama Yunia na wanawake wa kijiji walikuwa wakiifagilia kila asubuhi, na walikuwa wameizungushia ua wa miiba ili ng'ombe wasiisogelee. Lakini ilijaza mtungi mmoja tu, kisha mtu alilazimika kungoja. Leonida alipoitoa silinda, akakuta imejaa mchanga. Mipira aliyoiweka wiki chache kabla ilikuwa imesagika.

Alikuwa amekwisha kuirekebisha pampu hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na safari hiyo aliketi kando ya kisima muda mrefu.

"Nilikuwa najidanganya kwamba ni pampu ndiyo mgonjwa," anasema. "Pampu haikuwa na neno. Kisima ndicho kilikuwa kimevunjika huko chini. Ukiweka mabomba mapya pale, mchanga utayala kama ulivyoyala ya zamani, na Nyamilu watakuwa wamekosa bure."

Alimwita Mayaka aje aone. Mhandisi alipima, akakubaliana naye, na akaongeza jambo ambalo Leonida hakuwa na uwezo wa kulijua kwa spana. Ukuta wa ndani wa kisima ulikuwa umepasuka mahali pasipofikika. Maji mazuri, kwa maoni yake, huenda yakapatikana juu kidogo ya mteremko, lakini kuchimba kungesubiri bajeti.

Waliamua pamoja. Got Rateng itengenezwe. Nyamilu ifanywe upya. Kanyuor ifungwe, na mkono wake, mnyororo na beringi, ambavyo bado vilikuwa na uhai, vipelekwe Nyamilu.

Mayaka alijitolea kuitangaza habari hiyo mwenyewe katika baraza la naibu wa chifu. Leonida alikataa.

"Mimi nilijua kisima kimekufa," anasema mhandisi huyo leo. "Lakini kusema hivyo mbele ya mama mkwe, hapo ningeshindwa. Yeye alisimama akasema."

Waliokuwepo wanakumbuka kwamba hakusema mengi. Alionyesha mchanga aliokuwa ameutoa, akaupitisha kwenye karai watu waushike. Akaeleza vitu vitaenda wapi na kwa nini. Mwanamume mmoja akauliza kama analipwa na watu wa Nyamilu. Mwingine akasema mwanamke aliyetoka Suna hawezi kuionea uchungu Kanyuor. Leonida akawajibu wote kwa sauti ileile.

Kisha Mama Yunia akasimama. Ndiye aliyewahi kuwahimiza wanawake watoe kuku na mayai wakati kisima kilipokuwa kikichimbwa.

"Nyar Suna," alimwita mkaza mwana wake kwa jina la kwao, yaani binti wa Suna, "mimi ndiye niliyekutoa uende kusoma hiyo kazi. Nilikutuma utulindie maji. Leo umekuja kutunyang'anya?"

"Mama, maji yameshaondoka," Leonida akamjibu. "Ninachochukua ni chuma."

Mama Yunia akachukua kigoda chake, akaenda nyumbani.

Pampu iling'olewa siku iliyofuata. Simeon, mumewe, ndiye aliyefunga vyuma kwenye baiskeli. Anasema hakuwa na hakika kama mkewe anafanya sawa, ila alikuwa na hakika kwamba hatafuti cha kwake. Walipoondoka, hakuna aliyewaaga.

Nyamilu ikafanywa upya. Maji yakaanza kutoka meupe, kwa nguvu, na wanakijiji wa pale wakapiga vigelegele. Leonida alirudi Kanyuor kwenye ukimya. Wanawake waliokuwa wakipalilia naye walianza kupalilia peke yao. Kila siku alikuwa akienda Nyamilu, mwendo wa karibu saa nzima, na kurudi na mtungi kwa ajili ya mama mkwe wake. Mama Yunia alikuwa akiuacha nje mlangoni. Maji yake alichotewa mtoni.

Hapo ndipo kipindupindu kilipoingia.

Mama Yunia alianza kutapika asubuhi ya Jumapili. Kufikia wakati watu wanatoka kanisani, macho yalikuwa yamezama. Simeon na Leonida walimpakia kwenye baiskeli, mmoja akisukuma na mwingine akimshikilia mgongoni, wakaelekea kwenye zahanati ya Nyamilu.

Muuguzi Kemuma, aliyewapokea, anasema siku hizo wagonjwa walikuwa wamelala mpaka barazani. Dawa ya chumvi na sukari ilikuwepo ya kutosha, lakini dawa hiyo huchanganywa na maji, na kila kitu kilipaswa kuoshwa.

"Sisi tuliishi kwa hiyo pampu," anasema. "Ingekuwa ni ile ya zamani, inayotoa matope na kukatika, sijui ningewaambia nini watu. Min Austine alisimama pale akipampu hadi mikono ikavimba. Nilimwambia apumzike, akasema anaisikiliza pampu isije ikakatika."

Mama Yunia alikunywa kikombe baada ya kikombe. Alipopata nguvu ya kuzungumza, aliuliza maji yale yanatoka wapi. Leonida akamwambia. Mama Yunia akanyoosha kikombe aongezewe.

Alipona. Aliporudi nyumbani, ule mtungi haukubaki tena mlangoni.

Watu wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, wakisema fundi alishinda. Leonida mwenyewe hapendi kusikia hivyo. Kanyuor ilipoteza mzee mmoja katika ugonjwa ule, naye pia alikuwa akinywa maji ya mto.

"Kama kisima chetu kingekuwa kizima, wasingekwenda mtoni," anasema, na kwa mara ya kwanza anaiweka spana chini. "Nilichagua vizuri, na bado kuna mtu alikufa. Ningeulizwa tena, ningechagua vilevile. Lakini usiandike kwamba nilishinda."

Mama Yunia, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo lakini sauti yake haijapungua, naye hana maneno ya kupamba.

"Alinikasirisha," anasema. "Bado nikikumbuka siku ile ya baraza, moyo unapanda. Lakini huyu hawezi kukwambia kitu ni kizima wakati kimekufa. Watu wa namna hiyo ni wachache. Hata kama ni mkaza mwana wako, unavumilia."

Ni yeye Mama Yunia aliyerudi kuwahimiza wanawake wa Kanyuor mwaka huu. Bajeti ya kuchimba ilipochelewa, wanakijiji waliamua kuanza wenyewe, kwa mikono, mahali alipopaonyesha Mayaka juu ya mteremko. Ofisi ya maji imeahidi kuwapa pete za saruji za kuzuia mchanga. Wachimbaji wawili wenye uzoefu wa mashimo ya dhahabu ya Osiri wamekubali kuwasaidia, na tayari udongo umeanza kutoka na unyevu.

Leonida, kwa upande wake, amepata wanafunzi wawili. Mmoja ni Valary, msichana aliyemaliza darasa la nane bila karo ya kuendelea. Mwingine ni mjane kutoka Nyamilu. Anasema kufunga na kufungua wameshajifunza. Kinachochukua muda ni kujua lini uache kufunga na kufungua.

"Kila mtu anataka kusikia 'tengeneza'," anaeleza. "Ni neno tamu. Unalisema, wanakupigia makofi, unaondoka. Kusema 'hii imekwisha' ni kazi nyingine. Inabidi ubaki hapo."

Kisima kipya kikikamilika, pengine kabla ya mvua za mwakani, kutakuwa na sherehe. Naibu wa chifu atahutubia, kwaya itaimba, na Leonida ameambiwa atapewa nafasi ya kusema machache. Tayari anajua atakachosema, ingawa Simeon amemwonya kwamba kitaharibu siku.

"Wakati wanacheza, pampu iking'aa, nataka niwaambie kwamba itazeeka," anasema. "Sitaki waje kushtuka. Waanze kujiandaa siku hiyohiyo."