Marlys Hruska na Mdomo Wake

Marlys Hruska alianza kuongea kabla ya kutembea, na baba yake, Emil, alikuwa akiapa kwamba nguruwe wa shamba lao walinenepa kwa kumsikiliza. "Wakisikia sauti yake wanatulia wanakula, hawahangaiki," aliwaambia majirani nje ya kanisa la Zelena, mji mdogo uliozungukwa na mahindi ya Nebraska. Emil mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, na mkewe vilevile, kwa hiyo hakuna aliyejua mtoto yule aliyatoa wapi maneno yote yale.

Zelena ilikuwa na timu yake ya wasichana ya softiboli, ule mchezo ambao mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo, naye akiupiga hukimbia kuzunguka vituo vinne, kama kila mji wa pande zile. Jumapili za kiangazi, misa ikiisha, watu walibeba viti vyao na masinia ya kolache, vile vikate vitamu vya plamu, wakaenda kukaa kando ya uwanja. Marlys alipokua kidogo akapewa kazi ambayo wenzake waliikimbia, kazi ya mdakaji. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, amejifunga makinga magotini na kifuani na barakoa ya waya usoni, anadaka kila mpira uliompita mwenye gongo, na ile asiyoidaka inamtua mwilini. Marlys aliipenda kazi hiyo siku ileile ya kwanza. Kila baada ya dakika chache aliletewa mtu mpya wa kuzungumza naye.

"Karibu, dada," alimwambia mpigaji aliyesogea. "Hivyo viatu ni vyako au umeazima?"

Mpigaji akainamisha macho. Mpira ukapita, ukalia paa! kwenye glavu.

"Viko sawa tu," Marlys akasema kwa upole. "Mimi nilikuwa nauliza."

Usidhani alikuwa mdomo mtupu. Aliweza kuurusha mpira mpaka kituo cha pili bila kuinuka alipochuchumaa, na mwizi wa vituo, yaani mkimbiaji anayechomoka kabla mpira haujapigwa, akimjaribu alikuta mpira umefika zamani unamsubiri. Na akishika gongo yeye, mara nyingi mpira uliishia ndani ya mahindi, wenzake wa upande wa pili wakawa wanapekua mabua huku yeye anazunguka vituo taratibu, anamwaga salamu kila anapopita.

Mwaka 1981 akaenda chuo kikuu cha jimbo bila kualikwa na yeyote, akajipanga kwenye foleni ya majaribio. Kocha wa pale aliitwa Ruth Oberle, mama mrefu aliyeweza kumaliza mchezo mzima bila kufungua kinywa, isipokuwa kutafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Kwa siku mbili alimtazama Marlys bila neno. Siku ya tatu akamwita.

"Wewe unaongea na nani muda wote huo?"

"Na mpigaji, Kocha. Na mrushaji wetu. Na mwamuzi kidogo."

"Mwamuzi anakujibu?"

"Bado, Kocha. Ila jana alitabasamu."

Oberle akatema ganda. "Kesho njoo na makinga yako."

Basi ikaanza miaka minne ambayo watu wa Zelena wanaisimulia mpaka leo. Wapigaji wa vyuo vingine walikuja wakiwa wameonywa wasimsikilize, na kule kujitahidi kutomsikiliza ndiko kulikowamaliza. Kuna mmoja kutoka Kansas alijaza pamba masikioni. Marlys akampungia mkono, akamwonyesha kwa ishara kwamba kamba za kiatu zimelegea.

Mdomo huo ulimponza pia. Mwaka wake wa tatu, mwamuzi mmoja mwenye uso mwekundu alichoka naye. "Binti," akasema, "neno moja tu zaidi, utautazama mchezo huu ukiwa ndani ya basi."

"Neno lipi hilo, mheshimiwa, ili nisilitamke?"

Akautazama mchezo akiwa ndani ya basi. Timu ikafungwa. Oberle alikasirika, akakataa kuzungumza naye, na kwa kuwa Oberle hakuwa akizungumza na mtu yeyote, Marlys alichelewa sana kugundua kwamba amenuniwa. Alipogundua alienda ofisini kwake kuomba radhi, maneno yakamtoka kwa mafungu. Oberle alimsubiri amalize.

"Wapigaji ni wako," akasema. "Mwamuzi mwache afanye kazi yake. Haya, nenda."

Mwaka wa nne walifika mashindano ya taifa, na Marlys akatajwa miongoni mwa wadakaji bora wa nchi nzima. Katika nusu fainali, msichana mmoja wa Texas, mpana kama mlango wa ghala, alitoka kituo cha tatu mbio kuja nyumbani, kituo cha mwisho anacholinda mdakaji. Marlys alikuwa na mpira mkononi, akakataa kumpisha. Walibiringika wote wawili, vumbi likawafunika. Vumbi lilipotua Marlys alionekana amekaa kitako, mpira ameuinua juu.

"Umeumia, mpenzi?" akamuuliza yule wa Texas. "Pole sana. Na umetolewa."

Goti lake la kulia halikunyooka vizuri tena tangu siku hiyo. Fainali walishindwa kwa pointi moja, na mambo yakaishia hapo, maana enzi hizo mwanamke akishamaliza chuo hakuwa na mahali pa kucheza akaishi kwa mchezo huo. Marlys alirudi Zelena akawa anawauzia wakulima mbegu za mahindi. Kazi aliiweza, tena sana, maana nani angeweza kumkatalia? Lakini ikifika majira ya kuchipua, akiwa barabarani na madirisha ya gari yameshushwa, akisikia mahali fulani gongo limegonga mpira, aliegesha gari pembeni akakaa kimya mpaka zamu ile iishe. Emil alikuwa akiyajua hayo kwa sababu wakulima walimwambia. Hakuwahi kumuuliza.

Mwaka wa saba wa kuuza mbegu, mtawa mmoja mfupi mwenye miwani minene alimfuata hadi kwenye ghala la mbegu. Alikuwa Sista Bernarda, mkuu wa chuo kidogo cha wasichana kilichokuwa mwendo wa saa moja kutoka Zelena.

"Nina timu ya softiboli," akasema. "Wasichana ni tisa, na mmoja wao anauogopa mpira. Mwaka jana hawakushinda hata mara moja. Unajua kusali?"

"Najua, Sista. Hasa adui akiwa kituo cha tatu."

Sista Bernarda akacheka mpaka akavua miwani kuifuta. Jioni ile Marlys alimweleza baba yake mezani, akitegemea ubishi. Emil aliendelea kukata nyama yake. "Nguruwe watakukumbuka," akasema, na huo ndio ukawa ushauri wake wote.

Wasichana aliowakuta walikuwa mabinti wa wakulima, wamefundishwa nyumbani kunyamaza na kufanya kazi. Mpira ukipaa juu katikati ya watatu, wote watatu waliutazama kwa adabu mpaka ukaanguka. "Semeni 'wangu'!" Marlys aliwapigia kelele. "Neno moja tu! Hamtozwi kitu!" Msimu wa kwanza walishinda michezo minne, wa pili kumi, na sehemu kubwa ya ushindi huo ilitoka kwenye koo la kocha. Aliketi kwenye benchi akimwelekeza kila mchezaji asimame wapi, akichagua kila mpira utakaorushwa, na akiwatania wapigaji wa upande wa pili kwa niaba ya mdakaji wake.

Mdakaji huyo aliitwa Twyla Benes, binti mwembamba, mpole, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Marlys alimpenda kuliko wote na kwa hiyo alimpigia kelele kuliko wote. Siku moja baada ya mazoezi Twyla alibaki nyuma, anafungua makinga yake polepole.

"Kocha, naomba nikwambie kitu, usikasirike."

"Sema, mwanangu. Mimi nikasirike?"

"Ukinyamaza kidogo, nitaweza kufikiri."

Marlys alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hapakutoka kitu. Alirudi nyumbani na uchungu wake, akampikia paka, akasahau kujipikia mwenyewe. Kesho yake alijaribu kunyamaza. Alifika hadi zamu ya pili ya mazoezi.

Aprili ya msimu wa tatu, timu moja ilijitoa kwenye bonanza la chuo kikuu cha jimbo, na Kocha Oberle, ambaye sasa nywele zake zilikuwa nyeupe pe, akakialika chuo cha masista kuziba pengo. Mchezo wa kwanza walipangiwa kucheza na timu ya Oberle yenyewe. Ijumaa nzima kabla ya safari Marlys aliwafanyisha mazoezi kwenye mvua ya baridi, akifoka kutoka mwanzo hadi mwisho. Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya basi kuwahutubia. Kilichotoka kilikuwa mlio kama wa bawaba ya mlango inayohitaji mafuta.

"Kocha anasemaje?" akauliza mtu nyuma.

"Hasemi," Twyla akajibu, ameduwaa. "Sauti imekauka."

Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, wakaangua kicheko wote, na Marlys, machozi yanamlengalenga kwa hasira, akajikuta naye anatikisika mabega bila sauti.

Uwanjani hakuweza kufanya lolote ila kukaa kwenye benchi na kikombe cha chai ya asali. Zamu ya kwanza ilikuwa mateso. Mpira ukapaa, wasichana watatu wakaukimbilia, Marlys akauma ukingo wa kikombe. "Wangu!" mmoja akapaza sauti. Akaudaka. Wenzake walimtazama kama mtu aliyeimba kanisani bila kuambiwa, halafu wakaanza wote: wangu, wako, nyuma, kaa hapo hapo!

Twyla naye alikuwa na mambo yake. Hakupiga kelele. Alizungumza na wapigaji kwa sauti ya chini, ya heshima, kama muuguzi.

"Mama yako amekuja leo?" alimuuliza mmoja.

"Ndiyo, yuko pale."

"Ni yule mwenye kofia nyekundu? Mbona amefumba macho?"

Mpigaji akageuza shingo kidogo tu. Paa!

Marlys aliyasikia hayo kutoka kwenye benchi akashika kifua. Yeye miaka yote alikuwa akiwachokoza watu mpaka wakasirike, na huyu mtoto alikuwa anawahurumia mpaka wanaishiwa nguvu.

Walifika zamu ya mwisho wakiongoza mbili kwa moja. Timu ya Oberle ilikuwa na mkimbiaji kituo cha tatu, na mpigaji wao mmoja tu ndiye aliyekwisha kutolewa. Marlys akamtazama Oberle upande wa pili. Mama yule aliacha kutafuna. Marlys alimjua: akiacha kutafuna, ameagiza ule mchezo wake wa hila, mpigaji auguse tu mpira udondoke karibu, na mkimbiaji awe ameshachomoka kuja nyumbani. Marlys akasimama, akapunga mikono, akaruka juu kwa lile goti bovu. Hakuna hata mmoja aliyemtazama. Akajaribu kuita, ukatoka uleule mlio wa bawaba.

Twyla akatoa ishara kwa vidole kati ya magoti yake. Mrushaji akaurusha mpira pembeni kabisa, mbali na gongo, na Twyla alikuwa ameshatoka nje kuupokea. Mpigaji akanyoosha gongo akagusa hewa. Mkimbiaji alikuwa katikati ya njia, hana pa kwenda mbele wala nyuma. Twyla akamfuata, akamgusa begani taratibu kama anayemwamsha usingizini.

"Samahani," akamwambia.

Mpigaji huyohuyo aliupiga mpira uliofuata juu mawinguni, na wasichana wanne wakapiga kelele "wangu" kwa pamoja. Nusura wagongane, lakini mmoja aliudaka, na mchezo ukaisha.

Oberle alivuka uwanja kuwapa mikono. Alisimama mbele ya Marlys. "Umemwambiaje yule mtoto?"

Marlys akaonyesha koo lake, akatikisa kichwa, kisha akamwonyesha Twyla.

"Mkimbiaji wenu alivuta soksi zake juu," Twyla akasema, anatazama chini. "Tangu asubuhi hakuwa amezivuta."

Ruth Oberle akaangua kicheko. Marlys alikuwa hajawahi kukisikia kicheko hicho, na alisimulia baadaye kwamba kilikuwa kikubwa mno, cha mtu aliyekiweka akiba miaka mingi. Oberle akachota konzi ya mbegu za alizeti mfukoni, akaimimina kwenye kiganja cha Twyla, akaondoka bila neno.

Siku iliyofuata walipigwa vibaya na timu nyingine, tisa bila, wakarudi nyumbani wakiimba. Jumatano sauti ya Marlys ikarudi, na wachezaji walikiri kwamba waliifurahia kwa muda wa robo saa hivi. Lakini tangu hapo hakuchagua tena mipira ya Twyla, na alipopata mdakaji mwingine, na mwingine tena, alimwacha kila mmoja atafute namna yake ya kuongea. Mmoja aliimba. Mmoja alikuwa akiwasimulia wapigaji habari za ng'ombe wao mgonjwa. Vyuo vikubwa vilimwita mara mbili. Aliwashukuru akabaki kwa masista miaka ishirini na sita.

Sasa amestaafu, goti amewekewa jipya, na kila Alhamisi anacheza kwenye ligi ya akina mama wa parokia. Amekataa katakata kuwa mdakaji. Anataka kurusha, jambo ambalo hakulifanya maisha yake yote, na analifanya vibaya ajabu. Wiki iliyopita mpira wake ulipita juu ya uzio ukaangukia kwenye sufuria la soseji la wauzaji.

"Marlys," mwamuzi akamwambia, "hiyo ilikuwa mbali kidogo."

"Mbali na wewe, labda," akasema. "Hebu uliza soseji."