Chumvi ya Mama na kisima cha baba mkubwa

Admin, nifiche, maana Kindu tunajuana. Nina miaka thelathini na minne, nafanya kazi labo, maabara ya kupima magonjwa.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka minane. Mimi na mama tulikaa Alunguli kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu. Watoto wake wawili wakashikwa na kuhara maji matupu. Chumvi ilikuwa haionekani mjini, lakini mama alificha kidogo ndani ya kitambaa. Akaikoroga na sukari kwenye maji, akawanywesha. Hata hivyo walikufa. Baba mkubwa, aliyeogopa hata kuwashika wanawe walipotapika, ndipo akapata sauti. Akaita majirani, akainua kitambaa, akasema mama amewapa sumu. Akamfukuza. Hadi leo mama yuko Kampene.

Mwaka huu wajukuu wa baba mkubwa wameugua vilevile. Wamepona, lakini mzee ameshapata mchawi mpya: mkwe wake, mama wa watoto haohao! Eti aondoke, awaache watoto. Huyo ndiye mkubwa wa ukoo wetu.

Mimi ndiye niliyepima. Kijidudu cha kipindupindu tunakilisha sukari kwenye kisahani cha kijani. Kikiila, rangi inageuka njano. Cha watoto kiligeuza. Cha kisima cha mzee pia. Tukavituma Kinshasa visomwe vinasaba herufi kwa herufi, jibu likarudi: ni kijidudu kimoja. Cha wakati wa vita hakuna aliyekihifadhi, lakini kisima ni kilekile, hatua chache chini ya choo, alichimba mwenyewe.

Nikampelekea mzee karatasi ya majibu. Akacheka.

"Mashini yenu inajua nini ya uchawi? Dimanshi nitamufukuza ule mwanamuke mbele ya jamaa yote. Na wewe ukifungua kinywa, nitamupigia mama yako simu, nimwambie ni nani aliniletea kile kitambaa."

Ni mimi. Nilikuwa na njaa, akaniahidi muhogo nikimwonyesha mama alitia nini kwenye maji. Nikakitoa kitambaa chini ya mkeka. Muhogo niliula wote.

Mama hajui. Kila akipiga simu huniambia, "Wewe peke yako njo haukunigeuka," yaani mimi tu ndiye sikumsaliti.

Namdharau mzee yule kuliko choo chake, na mimi mwenyewe simzidi kwa mengi. Jumapili hiyo nikisoma karatasi mbele ya jamaa, mkwe atabaki na watoto wake, mimi nitampoteza mama. Nikinyamaza, nimekula ule muhogo mara ya pili. Nishaurini, ila msinionee huruma: nisimame au nikae?