Shingo ya Mbeba Tope

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ile ya msaragambo, kazi ya pamoja, watu wa kitongoji chetu walipopanda na majembe na makarai kwenda kuzoa tope kwenye ndiva. Wewe bado unatambaa, na juzi tu umekula kipande cha udongo wangu wa kufinyangia ukidhani ni muhogo, kwa hiyo naandika uje usome mwenyewe baadaye. Ndiva ni lile bwawa lililo juu ya mashamba yetu. Maji yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Tope likizidi, maji hayana pa kukaa, ndiyo maana kila nyumba inatoa watu wawili. Usipotoa, zamu yako inarukwa.

Baba yangu alikuwa bondeni Ndungu kwenye mpunga, hivyo watu wawili wa nyumba yetu tulikuwa mama na mimi. Maharage yalikuwa yametoa maua na mvua ilikuwa imetukimbia. Zamu ile ikirukwa, basi, tungevuna majani.

Nilikuwa darasa la sita. Nilibeba kidogo, kisha nikaliona tope la chini kabisa, jeusi, linanata vizuri, mikono ikaanza kuniwasha. Nikakaa ukingoni nikamfinyanga mama akiwa na karai kichwani. Nilimpata mpaka fundo la khanga kiunoni. Nikajiona fundi.

Mzee Kiondo, msimamizi wa ndiva, akaja kusimama mbele yangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akimgeukia mama.

"Mama Nakundwa, huyu wako nimhesabu na watu au na sanamu?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mama hakucheka. Alishusha karai lake, akaja akaitazama ile sanamu taratibu, kama mtu anayetaka kununua.

"Umenipata kweli," akasema. "Lakini mwanangu, umenifinyanga nimebeba, na kubeba kwenyewe nabeba peke yangu."

"Namalizia mkono tu, mama."

"Na hii shingo umeitoa wapi? Imenyooka kama nimevaa kofia ya kwendea kanisani. Njoo ubebe, halafu utaniambia shingo inakaaje."

Nikabeba mpaka jua la mchana. Karai la tope si karai la mahindi. Linakuvujia mgongoni, shingo inadidimia katikati ya mabega, kidevu kinaingia ndani, na macho yanahangaika kutafuta pa kukanyaga. Hayo yote mwili wangu uliyajua kabla ya vidole. Tuliporudi ukingoni, sanamu ilikuwa imepasuka kwa jua. Mzee Kiondo akaokota kichwa cha sanamu.

"Huyu amechoka kabla yetu," akasema. Kisha akapaza sauti wote wasikie: "Nyumba ya Mama Nakundwa, watu wawili. Zamu yao ipo."

Jioni nilifinyanga nyingine nyumbani, shingo ikiniuma. Mama alipoiona akajishika shingo yake mwenyewe. Siku hizi, kwenye meza yangu pale Same mjini mabasi yanaposimama, wateja huokota kwanza zile sanamu za wabeba mizigo, na wengine hujishika shingo bila kujua. Ndoto yangu ni kufinyanga msaragambo mzima, na Mzee Kiondo akiwemo, niuweke kule kule kwenye ndiva. Wananicheka. Wacha wacheke, tope lipo.

Kwa hiyo ukipenda kufinyanga, au kuchora, au kuimba, mimi sitakuzuia. Ninachokuomba, usiwatazame watu ukiwa umekaa huku wao wanabeba. Shika upande wako kwanza. Mikono yako itapata cha kusema, na nyumba yako haitarukwa maji. Mungu akupe afya ya mikono, akupe na shingo ya kuwabebea wenzako. Na siku utakayonifinyanga mimi nimeshazeeka, usinifiche makunyanzi.