Dada Naomba na Mkubwa Asiyeamrishwa

Kazini walimwita Dada Naomba, na wala hawakumwonea. Miaka yote aliyohudumu kwenye ndege hakuwahi kumwambia mtu mzima "kaa" ikaishia hapo. Alisema, "Shikamoo baba, samahani, naomba ukae kidogo," na kabla hajafika kwenye "kidogo," baba mwenyewe ameshafungua kabati la mizigo na ndege bado inakimbia ardhini. Mara ya mwisho begi lilimwangukia abiria begani. Msimamizi wa wahudumu, mama asiye na maneno mengi, akamwita pembeni.

"Safari ijayo nakaa nyuma nikutazame. Ukibembeleza tena, unahamia kaunta ya tiketi."

Dada Naomba akarudi nyumbani amefura. Hasira zote zilimwelekea baba yake, fundi cherehani mstaafu, aliyemlea kwa kanuni moja: mkubwa haamrishwi. Mkubwa akikosea, unamngoja amalize kukosea, ndipo umwambie, tena kwa kuzunguka. Wakati wa kugawa chai adabu hiyo ilimpendezesha, hata vikongwe wakamwombea dua. Ndege ikitikisika, adabu ile ile ilimfunga mdomo.

"Baba, umeniponza," alisema akivua viatu kwa kuvitupa.

"Nilikufundisha adabu, sikukufundisha ububu. Leta viti!"

Wakapanga viti vya sebuleni kimoja nyuma ya kingine. Mzee, na magoti yake mabovu, akakaa cha mbele, kisha akasimama kama abiria mkaidi.

"Baba, naomba..."

"Unaomba nini? Nikaripie!"

"Siwezi."

"Ndege inaanguka, mwanangu!"

"Shikamoo baba, tafadhali..."

"Lo! Tumeshakufa wote, na shikamoo yako bado iko mdomoni."

Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa na mzee akapandwa na hasira za kweli. Hakuna kazi inayochosha kama kumtoa mtoto kile ulichomtia mwenyewe, tena kwa kiboko.

Siku ya safari ikafika. Magurudumu yalipogusa ardhi tu, babu mmoja mwenye mkongojo akainuka. Sasa mtu mzima na akili zake, mlango haujafunguliwa, anakimbilia wapi? Dada Naomba akatupa jicho nyuma, akamwona msimamizi anamkodolea macho. Shikamoo ikampanda kooni. Akaimeza.

"Kaa chini! Sasa hivi!"

Babu akakaa, mkongojo ukamtoka mkononi. Papo hapo rubani akafunga breki kwa nguvu, na kila kichwa kikaenda mbele. Angekuwa amesimama, wangemwokota. Lakini wakati wa kushuka babu alipita bila kumtazama, na jambo hilo lilimuuma. Msimamizi akamgusa bega.

"Unabaki angani," alimwambia.

Alikwenda nyumbani mbiombio. Baba yake alikuwa akimngoja kwenye kile kile kiti cha mbele. Aliposikia mlango alijiinua kwa pupa, goti likamsaliti, akapepesuka.

"Kaa chini!"

Mzee akakaa. Dada Naomba akaziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalikwisha kutoka. Baba yake akavuta mkanda usiokuwepo, akaufunga tumboni taratibu, macho yakiwa sakafuni.

"Umefaulu," alisema. "Na shikamoo yangu, mwanangu, umeiacha wapi?"