Mshika Bendera wa Kona ya Tatu

Usiku kucha nilijigeuza kitandani nikijiuliza: kati ya wote walioniambia kwamba mshika bendera alisinzia, nani alikuwa amesimama pale konani? Usinicheke. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kampala, jua likiwaka.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi. Kilabu kidogo cha mbio za magari kikaniomba niandike kijitabu cha historia ya uwanja wake wa muramu, ule udongo mwekundu wa kushindilia barabara, upande wa Kyambogo. Habari ilikuwa moja: zamani gari lilipinduka kona ya tatu, mshika bendera, mwanajeshi mstaafu, akasinzia bila kuonya, gari la nyuma likaligonga na kijana aliyeendesha hilo la nyuma akafa. Mshika bendera naye alishafariki. Aliyesimulia kwa kirefu zaidi ni fundi mzee wa kilabu. Nikaandika hivyo.

Kulipokucha nikatoka nyumbani Bukoto kwenda kuiona kona. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mzee mwenye koti jeupe alikuwa akisukuma mawe kando kwa kiatu. Nikamwita afande, sijui kwa nini.

"Ni wewe unaandika kwamba mimi nililala?"

Wewe ungejibu nini? Nilisema nimeambiwa tu.

"Mimi nilipunga. Kijana aliona, akainua mkono, vile madereva wanajibu bendera. Akanipita. Taa ya nyuma ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Lakini gari ilienda tu."

Hakuwa na hasira. Aliinama kuokota jiwe. Nilipopepesa macho, hayupo. Niamini, kwenye tope lile kulikuwa na nyayo zangu peke yake.

Nikaenda gereji kumsimulia fundi. Alinitania kwanza, eti wasomi mkikosa kazi mnaota mchana. Nilipofika kwenye zile taa, akaweka spana chini.

"Alikuwa anapampu breki, anakanyaga na kuachia," akasema. "Zilikuwa na hewa, hazishiki. Mimi ndiye niliyezifunga, mwanangu, na hewa sikuitoa yote."

Akaniomba nisiandike, ana wajukuu. Na yule mshika bendera, hakuacha wajukuu?

Hadi leo fundi haitikii salamu yangu, nami nikikanyaga tope hugeuka kuhesabu nyayo. Nawe ukitumwa kuandika habari za marehemu, uliza kwanza nani alikuwepo.

Jioni ile nilifuta mstari wangu wa kusinzia. Nikaandika kwamba alipunga bendera, dereva akamjibu kwa mkono, na breki zilikuwa na hewa. Jina la fundi nilimwachia alitaje mwenyewe. Kisha nikaupeleka mswada kwa mchapaji kabla sijaanza kufikiria upya.